Mama alipouliza "kaka yangu mmemweka wapi?": historia ya Winamp na kompyuta yetu ya mezani

Safari hii tunaandika historia ya programu ya kucheza muziki. Msicheke kwanza.

Jumamosi moja chumba cha vijana kilijaa mpaka mlangoni. Kompyuta ya mezani ilikuwa imewashwa kwa sola, sabufa imechomekwa, na mbele kabisa, kwenye kiti cha plastiki, amekaa mama mmoja wa kijiji cha jirani aliyekuja kusikiliza kaseti yake. Kaseti yenyewe tulikuwa tumeshaihamisha kuwa faili. Tukabonyeza X, maana kwenye Winamp X ndiyo kucheza. Magitaa yakaja. Ngoma zikaja. Waitikiaji wakaja kwa mbali, kama watu wanaoimba ndani ya pipa. Anayeanzisha hakuja.

Mama akasikiliza wimbo mzima hivyohivyo. Halafu akatugeukia: "Kaka yangu mmemweka wapi?"

Kaseti ile ni ya kwaya ya vijana wa upande wa Fizi, ilirekodiwa studio mjini Bujumbura kabla ya vita. Anayeanzisha ni kaka yake mkubwa. Mwaka 1996 wengi wenu mnaujua kwa masimulizi ya nyumbani: Kivu ya Kusini ilivyowaka, watu walivyovuka Ziwa Tanganyika kuja Kigoma, na Nyarugusu ilivyofunguliwa mwaka huohuo. Kaseti ilivuka. Yeye hakuvuka. Picha yake hakuna hata moja.

Basi jioni ile kila mtu chumbani akawa fundi. Mmoja akasema Winamp imezeeka, imekula sauti. Mwingine akasema faili imeharibika, tuifute turekodi upya. Wa tatu akasema alichosema siku zote tangu tumfahamu: "Pigeni Windows upya." Sisi wenye kuishika ile kompyuta tukajua hakuna kurekodi upya, kwa sababu tutakayoieleza mbele. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote tukakaa na daftari letu la matatizo, lile ambalo kila aliyewahi kuhangaika na mashine hii ameandika kilichomkuta. Makala hii imetoka kwenye daftari hilo, pamoja na historia tuliyojisomea kidogokidogo.

Tuanze na faili yenyewe. MP3 ilitoka Ujerumani, kwenye taasisi ya Fraunhofer mjini Erlangen, na mtu anayetajwa zaidi ni Karlheinz Brandenburg. Shida waliyokuwa nayo ilikuwa ya ukubwa: muziki wa CD, dakika moja tu, unakula karibu MB 10. Wao wakatafuta sauti ambazo sikio la binadamu halizitambui zikifunikwa na nyingine, wakazitupa. Dakika moja ikashuka mpaka karibu MB 1. Jina la ".mp3" lilichaguliwa Julai 1995. Tulichokipenda kwenye kisa hiki ni kwamba kilichowasumbua zaidi hakikuwa gitaa wala ngoma. Ilikuwa sauti ya mtu mmoja anayeimba peke yake. Brandenburg alichukua wimbo wa Suzanne Vega, mwanamke anaimba bila chombo chochote, na mashine yao ikamharibu vibaya mno. Wakaurudia wimbo ule tena na tena mpaka sauti ikakaa sawa. Kwa hiyo aliyesema MP3 "inakula sauti" hakuwa mjinga kabisa. Amechelewa tu miaka 30 hivi.

Winamp ilikuja Aprili 1997. Waliotengeneza ni Justin Frankel na Dmitry Boldyrev, Marekani, na Frankel wakati huo hata miaka 20 hajafikisha. Aliacha chuo. Injini ya kufungulia MP3 iliitwa AMP, kazi ya Tomislav Uzelac. Ukiiweka kwenye Windows unapata Winamp, ndiyo jina lenyewe. Programu ilikuwa ndogo sana, inaingia hata kwenye mashine dhaifu, na aliyeipenda alitakiwa kutuma dola 10. Mwaka 1999 kampuni ya AOL ikanunua Nullsoft, kampuni ya hao vijana.

Udogo huo ndio ulioifikisha kwetu. Kompyuta zinazoingia kambini si mpya. Yetu ilikuja na Windows XP, imeshatumika ofisini kwa watu, kibodi herufi zimefutika. Programu nzito hazikuweza. Winamp ilipita mkono kwa mkono, kwenye CD za kuchoma, kisha kwenye flashi, haihitaji intaneti. Na wale kaka wa kuingiza nyimbo kwenye memori kadi, kila mmoja mezani kwake alikuwa na lile dirisha dogo jeusi lenye mistari ya kijani inayorukaruka.

Sasa daftari.

Ukurasa wa kwanza umeandikwa kwa hasira: "HAITOI SAUTI." Ilikuwa siku chache baada ya kupiga Windows upya kwa sababu ya virusi. Kila wimbo tukiufungua linakuja tangazo la "Bad DirectSound driver" na namba 88780078. Tulidhani Winamp imevunjika, tukaiondoa na kuirudisha mara tatu. Kumbe Winamp haitengenezi sauti yenyewe. Inafungua faili, inaikabidhi kwa Windows, na Windows inaikabidhi kwa kadi ya sauti kupitia draiva. Tulipopiga Windows upya, draiva ya kadi ya sauti haikurudi. Hapakuwa na wa kupokea. Tukaiweka draiva, sauti ikarudi. Tangu hapo kitu cha kwanza tunachofanya ni kujaribu sauti nyingine yoyote nje ya Winamp, hata ule mlio wa Windows inapowaka. Kama nao kimya, programu ya muziki haina kesi. Kama mlio unatoka ila Winamp kimya, unabonyeza Ctrl na P, unaingia kwenye plagini za kutolea sauti, unabadilisha ile ya DirectSound uweke ya waveOut, au kinyume chake. Mara nyingi hapo ndipo inapokubali.

Kuna ukurasa mwingine tunaona aibu kuusimulia. Kwa wiki mbili sabufa ilikuwa inatoa sauti upande mmoja. Tukafungua spika, tukalaumu nyaya, kijana mmoja akaungua kidole na solda. Mwisho mdogo wetu wa darasa la tano akauliza kile kimstari kidogo kilichoandikwa "balance" ni cha nini. Kilikuwa kimesukumwa kushoto chote. Pia kuna ile hali ya wimbo kuisha na programu kusimama, mpaka mtu ainuke abonyeze tena. Harusi moja iliaibika hivyo. Kuna mpangilio wa kuiambia Winamp isiende yenyewe kwenye wimbo unaofuata, na mtu aliugusa bila kujua. Na dirisha lote kupotea, unaliona chini kwenye mstari wa kazi lakini juu ya skrini halipo: limesukumwa nje ya kioo. Alt na nafasi, kisha M, kisha unalivuta kwa vishale. Likikataa, unafunga programu, unafuta faili ya winamp.ini, inaanza upya kama ilivyozaliwa. Nyimbo hazifutiki, msiogope.

Kukwamakwama kwa muziki, ule wa "ka-ka-ka", kulituchukua muda mrefu kuliko yote. Chanzo hakikuwa kimoja. Mara nyingine mashine inafanya kazi nyingi mno, antivirusi inapekua huku sisi tunacheza muziki. Mara nyingine tunacheza moja kwa moja kutoka kwenye flashi iliyochoka. Dawa ya pili ni rahisi, unanakili kwenye kompyuta kwanza ndipo ucheze. Ya kwanza unaongeza akiba ya sauti kwenye mipangilio ya plagini, ili programu iwe imetanguliza sekunde chache mbele. Lakini kulikuwa na chanzo cha tatu: mwenzetu alituletea toleo "jipya zaidi", Winamp3, lililotoka 2002. Lilikuwa zito hata kwa wenye mashine nzuri, na duniani kote watu walirudi kwenye la pili. Waliolitengeneza wenyewe waliona. Mwisho wa 2003 wakatoa toleo la 5, wakaeleza kwamba 2 ukijumlisha na 3 ni 5. Hesabu hiyo tuliipenda. Sisi tulibaki na 2 mpaka leo kwenye ile mashine.

Halafu kuna suala la majina, na hapa tunaomba mtuvumilie kidogo. Ndani ya faili ya MP3 kuna sehemu ya kuandika jina la wimbo, mwimbaji na albamu. Ile ya kwanza kabisa, ID3, aliibuni Eric Kemp mwaka 1996: baiti 128 zimebandikwa mwisho wa faili, na jina la wimbo limepewa herufi 30 tu, nafasi tupu zikihesabiwa. Kwa majina ya Kiingereza pengine zilitosha. Jaribu kuandika "Tutavuka ziwa tena kurudi nyumbani". Itabaki "Tutavuka ziwa tena kurudi nyum". Majina ya kwaya zetu ndiyo kabisa, unakuta kumi zote zinaanza "Kwaya ya Vijana ya Kanisa la" halafu basi. Aina ya muziki nayo ilikuwa namba moja kutoka kwenye orodha iliyopangwa tayari, aina 80. Gospel ipo, reggae ipo. Rumba hamna. Muziki uliojaza baa za Kinshasa, Bujumbura na Dar miaka yote hiyo, kwenye orodha ukawa "Other". Tuliojaza nyimbo mia kadhaa za wazee kwa mkono tulikasirika, lakini dawa ilikuwepo: ID3 ya pili, ya mwaka 1998, inakaa mwanzoni mwa faili na unaandika kwa urefu unaotaka. Kwenye Winamp unabonyeza Alt na 3 juu ya wimbo, unajaza upande wa toleo la pili. Tumeandika majina kamili, na kwenye nafasi ya maelezo tumeandika kijiji alikotoka mwimbaji.

Sasa turudi kwa mama, maana faili yake imepita humu mote.

Upande A wa kaseti tuliuhamisha kwa kuunganisha redio kaseti na tundu la kuingizia sauti nyuma ya kompyuta, tukarekodi kwa Audacity. Wakati huo Audacity peke yake haikuweza kutoa MP3. Ilibidi kutafuta kipande cha pembeni kinachoitwa LAME, kwa sababu MP3 ilikuwa na hataza na wenye hataza walitaka malipo. Leseni hizo zilifungwa 2017. Tulikipata LAME kwenye flashi ya mwanafunzi mmoja, tukatoa faili ya dakika 30. Siku iliyofuata tulitaka kufanya upande B, redio kaseti ikakata mkanda wake wa mpira wa ndani. Hatujapata mkanda unaofanana. Ndiyo maana tulisema hakuna kurekodi upya.

Virusi vikaingia. Vile vya kugeuza kila folda kuwa njia ya mkato. Ukibonyeza haufungui folda, unakiamsha kirusi. Watu wengi wakiona hivyo hulia kwamba nyimbo zimefutwa. Hazijafutwa, zimefichwa. Unafungua dirisha jeusi la amri, unaandika attrib -h -r -s /s /d ukiwa ndani ya flashi, zinatokea zote, kisha unafuta zile njia za mkato. Tulifanya hivyo, tukahamishia kila kitu kwenye flashi moja, tukapiga Windows upya. Orodha zetu za nyimbo zikafa siku hiyo, kwa sababu faili ya m3u ni karatasi tu inayosema wimbo uko wapi, D au E au F. Ukihamisha nyimbo, karatasi inaendelea kuelekeza nyumba isiyokuwepo. Winamp inaruka wimbo mmoja, wa pili, wa tatu, kimyakimya, unadhani imechanganyikiwa. Orodha unaitengeneza upya, au unaifungua kwa Notepad na kusahihisha herufi ya diski.

Halafu mtu akachomoa flashi kabla haijamaliza kunakili. Aliyechomoa yumo miongoni mwetu wanaoandika makala hii, tumekubaliana tusimtaje. Tulipoirudisha, folda ya kaseti ikasema imeharibika, haisomeki.

"Fomati tu," akasema yuleyule wa Windows upya.

Hatukufomati. Tulimwuliza fundi mmoja wa mjini kwa simu, akatuelekeza tuendeshe chkdsk na /f. Ikauliza kama igeuze vipande vilivyopotea kuwa faili, tukajibu Y. Ndani ya flashi ikatokea folda iliyofichwa, FOUND.000, imejaa vitu vinavyoitwa FILE0000.CHK, FILE0001.CHK, mpaka vitano kumi na kitu hivi. Hakuna jina hata moja. Lakini tulikuwa na hesabu: upande mmoja wa kaseti ya dakika 60 ni dakika 30, na kila dakika ni karibu MB 1. Tukatafuta chenye ukubwa wa karibu MB 28. Kilikuwepo kimoja. Tukabadilisha herufi za mwisho, CHK ikawa mp3, tukakitia kwenye Winamp. Wimbo wa kwanza ukaanza na kikohozi cha mpiga gitaa, kilekile.

Kosa letu lilikuwa kufurahi bila kusikiliza wote hadi mwisho kwa makini siku ile. Kwa hiyo Jumamosi ya mama, sauti ilipokosekana, tukaamini chkdsk imeturudishia faili nusu. Kidole cha mtu kilikuwa tayari kwenye Delete.

Kilichotuokoa ni ule utaratibu wa ukurasa wa kwanza: jaribu nje ya programu. Tukacheza wimbo mwingine wa studio, wa juzijuzi tu. Nao mwimbaji hayupo! Basi si faili. Tukafungua kwa VLC, ile iliyoanzia kwa wanafunzi wa chuo kimoja cha Paris 1996 na ikaachwa huru kwa watu wote 2001. Hayupo. Basi si Winamp. Tukachomoa sabufa, kijana akachomeka hedifoni za simu yake kwenye tundu lilelile, akamvisha mama masikioni.

Mama hakusema kitu. Alifumba macho akaanza kuitikia.

Ni plagi ya sabufa. Ile plagi ndogo ina sehemu tatu: ncha ni ya kushoto, pete ya katikati ni ya kulia, na ya mwisho, iliyo karibu na waya, ni njia ya kurudia ya pande zote mbili. Hiyo ya mwisho ikilegea au waya wake ukikatika, sauti za kushoto na kulia zinapingana, na kinachobaki ni tofauti kati yao tu. Kilicho sawasawa pande zote kinajifuta. Sasa studio humweka wapi mwimbaji wa mbele? Katikati, sawasawa pande zote. Gitaa kushoto kidogo, ngoma kulia kidogo, yeye katikati. Ndiyo maana anayepotea ni yeye, na waliobaki wanasikika kama wako kwenye pipa. Waya wa sabufa yetu ulikuwa umekanyagwa na mguu wa meza. Plagi mpya tuliinunua sokoni, tukaiunga wenyewe, safari hii bila kuungua.

AOL ilitangaza Novemba 2013 kwamba inaifunga Winamp, tarehe 20 Desemba iwe mwisho; Januari 2014 ikanunuliwa na Radionomy ya Ubelgiji. Aprili 2014 Microsoft nayo ikaacha kuihudumia XP. Vijana wengi siku hizi wana simu, na sauti za wazee zinakuja kama jumbe za WhatsApp, faili za Opus ambazo Winamp yetu ya zamani haizijui kabisa; hizo tunazifungulia VLC. Mashine ya mezani haiunganishwi tena na intaneti. Kazi yake ni hii ya kaseti.

Faili ya mama sasa iko sehemu nne: kwenye kompyuta, kwenye flashi mbili zinazokaa nyumba tofauti, na kwenye memori kadi ya simu yake. Kwenye nafasi ya jina la mwimbaji tumeandika majina yake yote matatu, hayakukatika.

Upande B bado. Mama anasema huko ndiko kuna wimbo ambao kaka yake aliutunga mwenyewe. Mwenye redio kaseti inayozunguka vizuri, au mkanda wa mpira wa kipenyo cha sentimita 7 hivi, hata kama umetumika, atupe habari.